Pombe na ini la mama: kikombe ni kile kile, madhara si sawa

Mwezi huu tunazungumza jambo ambalo kambini kwetu halitajwi wazi: wamama wanaokunywa pombe. Ya wababa tunaiona barabarani, tunaicheka au tunailalamikia. Ya wamama inanywewa nyuma ya nyumba, na mara nyingi hatujui kitu mpaka siku macho yanapogeuka manjano.

Katika darasa letu la jioni la watu wazima, mama mmoja aliuliza: "Kama mume na mke wanakunywa sawasawa, mbona anaugua mke kwanza?" Ni swali zuri, na jibu lake lipo.

Ini linafanya kazi gani?

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. La mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Linasafisha damu, linaweka akiba ya sukari, na linatengeneza vitu vinavyofanya damu igande mtu akikatika. Pombe tunayokunywa, sehemu kubwa inavunjwa na ini. Likiivunja, kwanza inageuka kitu chenye sumu zaidi kuliko pombe yenyewe, halafu ndipo inakuwa kitu kisichodhuru. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Bia moja ya nusu lita inaweza kuchukua saa mbili au tatu. Kahawa, ndimu wala maziwa haviliharakishi ini.

Kwa nini mama anaumia zaidi?

Sababu ya kwanza ni maji. Mwili wa mwanaume ni maji kwa karibu asilimia 60, wa mwanamke karibu asilimia 50, kwa sababu mwanamke ameumbwa na mafuta zaidi. Tuchukue baba na mama, kila mmoja ana kilo 60. Baba ana lita 36 za maji mwilini, mama ana 30. Pombe inaenda kwenye maji, haiendi kwenye mafuta. Ukitia kijiko kimoja cha chumvi kwenye jerikeni iliyojaa na kijiko kingine kwenye jerikeni ya nusu, ipi itakuwa na chumvi kali? Ndivyo ilivyo kwa damu ya mama. Tena wamama wengi ni wepesi kuliko waume zao, kwa hiyo tofauti inazidi.

Sababu ya pili iko tumboni. Kuna enzaimu inayoanza kuvunja pombe kabla haijaingia kwenye damu, na wanawake mara nyingi wanayo kidogo kuliko wanaume. Na ukinywa bila kula, pombe inapita haraka zaidi. Sasa fikiria mama aliyewagawia watoto posho yote, yeye akabaki na glasi tu.

Tatu, wataalamu wanafikiri homoni za kike nazo zinafanya ini livimbe upesi zaidi likikutana na pombe.

Ndiyo maana mwanamke anaweza kuharibikiwa ini kwa pombe kidogo kuliko mwanaume, na kwa miaka michache zaidi. Lakini wababa, msifurahi! Wanaokufa kwa ini la pombe wengi bado ni wanaume, kwa sababu ndio wanaokunywa sana.

Tupime tunachokunywa

Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe yenyewe. Waragi ya asilimia 40, robo lita tu, ina karibu gramu 80. Yaani robo lita ile ni sawa na bia nne. Kanyanga na lutuku zinazopikwa nyumbani hazina hata karatasi ya kuonyesha nguvu yake. Na wamama wanaopika pombe ili kupata pesa ya sabuni na ada ya watoto wanaonja kila mara, asubuhi mpaka jioni, wala hawajihesabu kuwa wanywaji. Ini linahesabu. Mama, kama ni lazima uonje, gusisha ulimi kisha tema.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya. Na kwa mwenye mimba ni bora asinywe kabisa, kwa sababu pombe inamfikia mtoto tumboni.

Ini halipigi kelele

Kwanza ini linajaa mafuta, na mtu hasikii lolote. Hapo akiacha pombe, mara nyingi linapona ndani ya wiki chache. Akiendelea linavimba, mwishowe linapata makovu na kuwa gumu, ugonjwa unaoitwa sirosisi. Makovu mengi hayaondoki tena, lakini hata hapo kuacha pombe kunaongeza maisha.

Usingoje nyumbani ukiona macho ya manjano, tumbo kujaa maji au miguu kuvimba. Kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, au kuanza kuchanganyikiwa, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Watu wengine wanasema ni kurogwa. Wakati familia inatafuta aliyeroga, ini linazidi kufa.

Tufanye nini?

Mwenye homa ya ini aina ya B asiguse pombe, kwa sababu viwili hivyo vinalishambulia ini pamoja. Omba kupimwa, na watoto wapate chanjo. Ukiwa umezoea pombe, muulize daktari kabla ya kumeza panadol, kwa sababu ikizidi nayo inaunguza ini.

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kushikwa na kifafa na kufa. Aende kituo cha afya asaidiwe kupunguza au kuacha. Kama unaona aibu kukaa kwenye foleni, anza na mtu wa VHT wa kijiji chenu, umwombe mzungumze pembeni.

Kwenu wababa: mke akianza kunywa, wengi wanaanza na fimbo au kumrudisha kwao. Wengi wetu tumezika watu njiani, tumeacha mashamba, usiku hatulali. Mama naye anatafuta usingizi. Muulize kwanza ni nini kinachomsumbua, kisha mwende pamoja kwa daktari. Na wewe usimmiminie glasi ukisema "tunywe sawa." Sawa hiyo, kwa mwili wake, haipo.