"Tutapunguza ushuru wa magari." Sawa, ushuru upi?

1/ Hii ahadi hurudi kila msimu wa kampeni. Mimi nasoma siasa chuoni, na hapo ndipo huwa natega sikio. Tuchukue mfano wa gari-nyumba, lile lenye kitanda na jiko ndani, unaloliagiza ng'ambo.

2/ Kabla ya pesa, kuna masharti. Gari lisizidi miaka 8, na usukani uwe kulia. Kwa hivyo mengi ya Ujerumani au Ufaransa sahau. Angalia Uingereza au Japani.

3/ Sasa hesabu. Tuseme KRA imelithamini 1,000,000. Ushuru wa forodha 35%: 350,000. Ushuru wa bidhaa, tuseme 25%, unapigwa juu ya 1,350,000: 337,500. VAT 16% inapigwa juu ya 1,687,500: 270,000. Jumla 957,500, na bado kuna ada ya uagizaji na ya reli.

4/ Umeona? Ni kodi juu ya kodi. Ukimaliza kulipa ndipo NTSA inalisajili, unapata logbuku na namba.

5/ Siasa iko hapa: ushuru wa forodha hupangwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kenya ikitaka tofauti, lazima ipitie kwa wenzake. Ushuru wa bidhaa na VAT ni Bunge letu, kupitia Mswada wa Fedha.

6/ Kwa hivyo akiahidi, mwambie ataje ushuru, ataje kiwango, na aseme pengo la bajeti litazibwa na nani. Asipojibu, jua pengine ni wewe, hata kama huna gari.