Turbo Katika Hewa Nyepesi: Je, Kompyuta ya Injini Ibadilishwe?

Mazwi, kitovu cha mji wa Sumbawanga, imo juu ya uwanda wa Ufipa, meta zaidi ya 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo kanieneo ya hewa mjini humo ni takribani kilopaskali 82, ambapo ile ya Dar es Salaam ni takribani 101. Maana yake ni kwamba kila injini ivutapo hewa katika mji huo hupata pungufu kwa karibu moja ya tano, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho.

Siku hizi wenye magari yenye turbo hushauriwa wabadilishiwe mpango wa kompyuta ya injini, na huahidiwa kwamba nguvu zitaongezeka kwa robo hivi. Kwa pikapu ipandishayo mpunga kutoka bonde la Ziwa Rukwa, lililo kwenye kimo cha meta 800 hivi, ahadi hiyo inavutia. Lakini injini ya pikapu hiyo ndiyo mtaji wa mwenyewe. Hapana budi apime kwanza anachonunua.

Kazi ya turbo

Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Ya kwanza huzungushwa na moshi utokao katika injini. Ya pili hubana hewa na kuisukuma ndani ya silinda. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hati ya kwanza ya uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1905 kwa mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi.

Manufaa yake yalidhihirika juu ya mlima. Mwaka 1918 Sanford Moss, mhandisi wa kampuni ya General Electric, alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak nchini Marekani, meta zipatazo 4,300. Injini hiyo, iliyotoa nguvu za farasi 350 katika usawa wa bahari, ilitoa 230 tu kileleni. Ilipofungwa turbo ilitoa 356. Turbo, basi, ilifidia hewa iliyokosekana.

Kazi ya kompyuta

Katika gari la kisasa, kompyuta hupokea habari kutoka kwa sensa za hewa, joto na mwendo wa injini. Kisha hutazama majedwali yaliyohifadhiwa ndani yake na kuamua kiasi cha mafuta, wakati wa kuyachoma, na kanieneo ambayo turbo itazalisha. Fundi wa kubadilisha mpango huandika upya majedwali hayo: mafuta zaidi, hewa zaidi, nguvu zaidi. Hakuna chuma kinachobadilishwa.

Nguvu hizo hutoka katika akiba. Mtengenezaji hakuitumia injini hadi mwisho wa uwezo wake. Alibakiza nafasi kwa ajili ya mafuta hafifu, joto kali, chujio chafu, mzigo mzito, na nchi za miinuko. Hapo ndipo Ufipa inapotofautiana na pwani.

Hesabu ya mwinuko

Chukuliwa injini ambayo kompyuta yake hutaka kilopaskali 200 za hewa ndani ya silinda. Dar es Salaam, turbo huibana hewa mara 2 hivi. Sumbawanga, ili kufikia kiasi kile kile, huibana mara 2.4. Mpango mpya ukitaka kilopaskali 230, turbo ya Dar es Salaam itabana mara 2.3, yaani chini ya ile ya Sumbawanga ambayo haijaguswa. Ya Sumbawanga itapaswa kubana mara 2.8. Hewa ya nyuzi 20 ikibanwa kiasi hicho hutoka na joto lipitalo nyuzi 120 kabla ya kupozwa, na mhimili huzunguka kwa kasi kubwa zaidi.

Ni dhahiri, basi, kwamba sehemu ya akiba auziwayo mwenye gari wa Mazwi imekwisha kutumika kufidia mwinuko. Kompyuta nyingi hupunguza kazi ya turbo zinapotambua hewa nyepesi, ili kuilinda. Mpango uliotungwa kwa ajili ya pwani ukiondoa kinga hiyo, atakayelipa ni turbo, klachi, gasketi au pistoni, pengine katikati ya mlima gari likiwa na shehena.

Magari ya petroli yana jambo la ziada. Japani ina madaraja mawili ya petroli: ya oktani isiyopungua 89 na ya oktani isiyopungua 96. Injini nyingi za turbo kutoka huko zilipangiwa daraja la juu. Zikipewa petroli ya oktani ndogo huelekea kugonga. Kwa gari kama hilo, mpango mpya wenye manufaa waweza kuwa ule unaopunguza, si unaozidisha.

Namna ya kuamua

Kwanza, injini ipimwe afya. Chujio lililojaa vumbi, mpira wa hewa uliopasuka, nozeli zilizochakaa au turbo iliyolegea mhimili hupunguza nguvu, na tiba yake ni matengenezo. Mpango mpya juu ya injini gonjwa huongeza ugonjwa.

Pili, gharama ya mpango ijumlishwe na bei ya turbo na klachi, kisha ilinganishwe na faida halisi ya safari. Kupunguza magunia machache au kushusha gia mapema mlimani hakugharimu kitu.

Tatu, fundi aulizwe: je, alipima joto la moshi injini ikiwa na mzigo? Je, mpango wake umezingatia mwinuko? Je, atahifadhi nakala ya mpango wa awali ili uweze kurudishwa? Asiyeweza kujibu asikabidhiwe gari.

Kwa injini nzima, itunzwayo vema, isiyobeba shehena nzito, ongezeko dogo lililopimwa papo hapo kwenye mwinuko laweza kufaa. Kwa gari la kazi katika Ufipa, faida huwa ndogo na hatari kubwa. Turbo yake tayari inafanya kazi ile ile iliyofanywa kileleni mwaka 1918.