Meli za Wanafunzi (3): Uganda Yapata Kazi Mpya

Wiki iliyopita tuliishia miaka ya 1930, kampuni ya British India ikipakia wanafunzi wa Uingereza kwenye meli za askari zilizokosa kazi wakati wa kiangazi. Ndiyo kampuni ya William Mackinnon, iliyoanza kuleta barua Unguja mwaka 1872.

Vita Kuu ya Pili vilizikata safari hizo, nazo zikafufuliwa mwaka 1961 kwa meli Dunera. Tusidanganyane kwamba ni mapenzi ya elimu tu. Askari walikuwa wameanza kusafirishwa kwa ndege, na vitanda vitupu ni hasara kwa mwenye meli.

Inayotuhusu zaidi sisi wa pwani ni Uganda, iliyoundwa Glasgow na kuanza kazi mwaka 1952. Yenyewe na pacha wake, Kenya, zilitoka London hadi Beira, zikitia nanga Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Abiria wake wengi walikuwa watumishi wa serikali ya kikoloni na walowezi. Uhuru ulipokuja, na ndege nazo zikazidi, abiria hao wakapungua. Mwaka 1967 mfereji wa Suez ukafungwa. Kenya iliuzwa kama chuma chakavu. Uganda ilipelekwa Hamburg, na palipokuwa pakiwekwa shehena pakajengwa madarasa na mabweni ya vitanda vya deka, kama vya shule zetu za bweni, kwa watoto zaidi ya 900.

Masomo yake yalikuwa na utamu wake. Kabla ya kufika bandarini, watoto waliketi ukumbini wakielezwa habari za mji unaofuata. Aliyesikia habari za mafarao juzi, leo yuko chini ya piramidi, jua likimchoma kisogo. Akirudi melini anaandika daftari lake huku meza ikiyumba.

Aprili 1982 Uingereza ilipoingia vitani na Argentina, serikali iliitwaa meli hiyo ikiwa katikati ya safari. Wanafunzi wakateremshwa Naples. Huko Gibraltar ikageuzwa hospitali, ikatibu majeruhi zaidi ya 700 wa pande zote mbili.

Mwaka 1986, ikisubiri kukatwakatwa huko Kaohsiung, Taiwan, kimbunga Wayne kiliitupa ufukweni, ikalala ubavu.

Msomaji uliyepata kuipanda, au kubeba mizigo yake gatini Mombasa au Tanga, tuandikie.