Hasara ya dola bilioni 1.1 ambayo haikutoa hata senti

KAMPUNI ya kukodisha mitambo ya ujenzi inaponunua nyingine, bei iliyolipwa hugawanywa vitabuni. Matingatinga, kreni na jenereta huandikwa kwa thamani ya soko ya siku hiyo, si ile aliyoiandika muuzaji. Mikataba na wateja hukadiriwa, madeni yakatolewa. Bei ikizidi jumla hiyo, ziada huitwa thamani ya jina.

Hapo ndipo penye utata. Mitambo hukatwa uchakavu kila mwaka, na faida ikapungua. Thamani ya jina, kwa kampuni zilizo katika soko la hisa, haikatwi. Hupimwa tu angalau mara moja kwa mwaka. Basi mitambo ikikadiriwa kwa bei ya chini, faida ya miaka ijayo hunawiri ilhali biashara ni ile ile.

United Rentals ya Marekani, iliyoanzishwa 1997 na kukua kwa kununua washindani, ilionja shubiri hiyo mwaka wa 2008. Ujenzi ulipodorora, ilifuta takriban dola bilioni 1.1 za thamani ya jina. Hakuna pesa zilizotoka wakati huo. Zilikuwa zimetoka zamani, kampuni hizo ziliponunuliwa. Wenye hisa ndio waliochelewa kuambiwa.