Mpangaji Naye Ni Mwananchi

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yalitaifishwa. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji.

Lakini ni mapatano gani hayo, ikiwa mmoja ana ufunguo na mwenzake ana mzigo kichwani? Mwananchi ahamiaye Kamanga kutoka visiwani hudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwezi wa saba hutajiwa bei mpya. Akiuliza sababu, kuku wake, ambao jana hawakumkera mtu, leo huwa ndiyo kosa la kumtoa.

Hatusemi mwenye nyumba asipate haki yake. Naye ametoa jasho. Tunasema waandikiane: kodi ni kiasi gani, itapanda lini, notisi ni ya muda gani, na mifugo inaruhusiwa au la. Dini imetufundisha kuandikiana deni mbele ya mashahidi. Nyumba nayo ni deni la kila mwezi.

Viongozi wa vijiji na mitaa wawahimize wananchi waandikiane mikataba hiyo na kuishuhudia. Mgogoro ukifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mnyonge asiye na karatasi atategemea nini?