Yan Lianke: mwandishi wa China aliyejikagua mwenyewe na bado akapigwa marufuku

Riwaya ya "Ndoto ya Kijiji cha Ding" ilichapishwa nchini China mwaka 2006, lakini haikukaa sana madukani kabla ya mauzo yake kusimamishwa. Mwandishi wake, Yan Lianke, alikiri baadaye kuwa alikuwa amekwisha kuipunguza makali kwa mkono wake mwenyewe, akitumaini kwamba ingepita mbele ya wakaguzi. Haikupita, na yale aliyoyaacha hayakuandikwa.

Kisa chenyewe kilitokea katika mkoa wa Henan, alikozaliwa Yan mwaka 1958. Katika miaka ya 1990, wakulima maskini wa huko walihimizwa kuuza damu. Wanunuzi walichanganya damu ya watu kadhaa, wakatoa utegili, yaani sehemu ya majimaji inayotumika kutengenezea dawa, kisha wakawarudishia wauzaji seli nyekundu zilizobaki ili waweze kuuza tena mapema. Kwa njia hiyo, virusi vya mtu mmoja viliingia katika mishipa ya wengi, na UKIMWI ukavikumba vijiji vizima. Yan alivitembelea vijiji hivyo mara kadhaa. Msimulizi wa riwaya yake ni mtoto aliyekwisha kufa, ambaye baba yake alitajirika kwa biashara hiyo.

Yan hakuanza akiwa mpinzani. Alikulia katika umaskini na njaa, akajiunga na Jeshi la Ukombozi wa Umma mwaka 1978, na humo jeshini akawa mwandishi. Mara mbili alipata tuzo ya Lu Xun, mojawapo ya tuzo kubwa za fasihi nchini humo. Huenda ndiyo sababu riwaya yake fupi ya mwaka 2005 iliwashtua wakubwa kiasi kile. Inamhusu askari na mke wa kamanda wake ambao, katika zama za Mapinduzi ya Utamaduni, wanachochea mapenzi yao ya siri kwa kuvunja sanamu za Mao. Jina lake, "Utumikie Umma", ni kaulimbiu ya Mao mwenyewe. Ilizuiwa kusambazwa.

Baada ya majuto ya Kijiji cha Ding, Yan aliandika "Vitabu Vinne" bila kumfikiria mkaguzi. Riwaya hiyo inasimulia habari za wasomi waliofungwa katika kambi ya kazi karibu na Mto Manjano, wakati wa njaa kuu iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Wachapishaji wa China bara waliikataa mmoja baada ya mwingine, nayo ikatoka Hong Kong na Taiwan. Mwaka 2014 Yan alitunukiwa Tuzo ya Franz Kafka mjini Prague, akiwa Mchina wa kwanza kuipata.

Hata hivyo, hakuikimbia nchi yake. Amefundisha katika Chuo Kikuu cha Renmin mjini Beijing, na baadhi ya vitabu vyake vinauzwa China huku vingine vikisomwa ng'ambo tu. Mwezi Februari 2020, janga la korona lilipokuwa limeukaba mji wa Wuhan, aliwahutubia kwa njia ya intaneti wanafunzi wake wa chuo kimoja cha Hong Kong. Aliwasihi wayakumbuke waliyoyaona, hata wale ambao hawataweza kuyasema.