Nyama Mezani na Saratani ya Utumbo Mpana

Mwezi Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba nyama iliyosindikwa husababisha saratani ya utumbo mpana. Soseji na bekoni zikawekwa katika kundi moja na tumbaku. Je, kula soseji ni sawa na kuvuta sigara?

La. Makundi hayo hupima uthabiti wa ushahidi, wala si ukubwa wa hatari. Nyama nyekundu, yaani ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe, iliwekwa kundi la chini yake, kwa kuwa ushahidi wake haujakamilika.

Jambo la kuzingatia ni kiasi. Ilikadiriwa kuwa kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku, takribani soseji moja, huongeza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 18. Hii haina maana kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Kwa mfano, iwapo wanne kati ya 100 wangeugua, kwa ulaji huo wangekaribia watano.

Nitriti, inayotiwa ili nyama isiharibike, inaweza kugeuka tumboni kuwa kemikali zinazodhuru utumbo. Madini ya chuma ya nyama nyekundu huchochea mabadiliko hayo, na moto mkali huzalisha kemikali nyingine hatari.

Mlaji halazimiki kuacha nyama, kwani ina protini, madini ya chuma na vitamini B12. Anashauriwa:

- Kupunguza nyama zilizosindikwa na kusoma lebo. Nitriti ya sodiamu huandikwa pia E250.
- Kutozidisha gramu 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki. Siku nyingine ale samaki, kuku, maharage au kunde.
- Kuchoma nyama kwa moto wa wastani na kuondoa sehemu zilizoungua.
- Kula ugali wa dona, mboga na matunda, kwani nyuzinyuzi hupunguza hatari.

Damu katika choo, au mabadiliko ya haja kubwa yanayoendelea kwa wiki kadhaa, yasidhaniwe kuwa ni bawasiri tu. Nenda kituo cha afya bila kuchelewa: saratani hii ikigunduliwa mapema, uwezekano wa kupona ni mkubwa zaidi.